Mtoto aambiwe lini kuhusu vidonge vya mama?

Kopo la ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ukitembea nalo linalia kama kayamba. Ndiyo maana wapo akina mama wa CTC, kliniki ya tiba na matunzo, wanaolishindilia pamba na kubandua lebo, kisha wakalizika chini ya nguo. Mtoto akiuliza, huambiwa ni dawa ya presha.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake na ya mzazi wake, na aliye mdogo aelezwe kidogo kidogo. Wazazi wengi hawathubutu, nami siwalaumu. Mtoto wa miaka saba hana kifua. Akiropoka darasani leo, kesho maandazi ya mama yake hayanunuliki, na nyumba ya kupanga wanaanza kumtengea ndoo. Dawa Tanzania zinatolewa bure tangu 2004, lakini unyanyapaa bado uko mlangoni.

Hata hivyo, mtoto anayefichwa haishi gizani kabisa. Anamwona mama akitoka alfajiri na kadi. Anasikia minong'ono inakatika yeye akiingia. Wasiwasi huo hutokea kwenye tabia: aliyekwishaacha kukojoa kitandani anaanza upya, mwingine anapigana au anatoroka shule, na tunamchapa viboko tukidhani ni utundu. Yupo pia anayenyamaza, mwalimu akamsifu kwa utulivu. Huyu ndiye ananitia hofu zaidi, maana mtundu angalau ameonekana.

Kwa mtoto mwenye virusi mwenyewe hatari ni kubwa zaidi. Kijana wa miaka 14 anayemeza vidonge asivyojua vya nini ataviacha siku atakayojiona mzima. Au atatafuta jina la dawa kwenye simu, agundue peke yake usiku kwamba amedanganywa miaka yote.

Kwa hiyo nasema aambiwe, ila asiachiwe siri aibebe peke yake. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa 1983, mradi wa Humuliza huko Nshamba uliwasaidia yatima kuunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa na wenzao wa kufarijiana nao. Nyumbani anaweza kuwa shangazi au bibi mmoja anayejua: "Hili ukitaka kuuliza, uliza mimi au shangazi." Mtoto wa miaka saba anahitaji mlango huo kuliko anavyohitaji jina la ugonjwa.

Na kliniki inayomuuliza mama vidonge vingapi vimebaki, imuulize pia mtoto analalaje.