Washington yaagiza, mji mdogo walipa

Baraza la mji ninaoishi hapa Marekani likikaa kupitisha bajeti, mafungu yote hukatwa isipokuwa moja. Maktaba itapunguziwa saa, barabara yenye mashimo itasubiri mwakani, lakini likitajwa suala la usalama kila diwani huinamisha kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Naielewa hofu yao. Hakuna anayetaka kukumbukwa kama mtu aliyekataa kununua redio za upepo mwezi mmoja kabla ya balaa. Lakini kwa kimya hicho wenye mji wamelipa, kwa zaidi ya miaka 20, gharama za maagizo yaliyoandikwa mbali nao. Mimi naamini anayetoa amri ndiye anayepaswa kutoa na pesa.

Chanzo cha maagizo hayo kilikuwa cha haki, na nisingependa tukisahau. Tarehe 11 Septemba 2001 wazima moto 343 walikufa New York. Ilibainika baadaye kuwa ndani ya minara redio zao zilikuwa zikishika kwa shida, na taarifa walizokuwa nazo polisi hazikuwafikia wengi wao. Msiba ule ndio uliozaa sheria ya 2002 na Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyoanza kazi Machi 2003 kwa kuunganisha idara 22. Mwishoni mwa Februari mwaka huo, Rais George W. Bush alikuwa ameagiza nchi nzima iwe na mfumo mmoja wa kuongoza shughuli za dharura, unaojulikana kwa kifupi kama NIMS. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2005, mji usioufuata ungekosa ruzuku za maandalizi.

Kwenye karatasi hilo linaitwa sharti la msaada. Lakini mji usio na fedha utalikataaje? Wengi wa wazima moto wa nchi hii ni watu wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, watu wanaoacha chakula mezani king'ora kinapolia. Hao hao wanatakiwa wakae mbele ya kompyuta usiku wamalize kozi za FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia majanga. Kisha lazima apatikane mtu wa kutunza vyeti, kuandika mpango wa dharura, kupanga mazoezi na kujaza taarifa. Jiji kama Chicago lina ofisi nzima ya kazi hiyo. Katika mji wa watu elfu nne humwangukia karani yule yule anayesimamia uchaguzi na kutoa leseni za mbwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ukiwa Washington kila fomu ni nyepesi.

Halafu zikaja rangi. Kati ya 2002 na 2011 serikali kuu ilitangaza kiwango cha hatari ya ugaidi kwa rangi tano, kuanzia kijani hadi nyekundu. Ikitangazwa rangi ya machungwa, meya hakulazimishwa kisheria kuongeza askari, lakini ni meya gani angethubutu kuwaacha wakalale? Machi 2003, vita vya Iraq vilipoanza, umoja wa mameya wa Marekani ulikadiria kwamba miji inatumia takriban dola milioni 70 za ziada kila wiki, nyingi zikienda kwenye ovataimu za polisi.

Ipo sheria ambayo ingepaswa kuzuia haya. Mwaka 1995 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kudhibiti amri zisizoambatana na fedha. Lakini haigusi amri zinazohitajika kwa usalama wa taifa, na haigusi masharti ya ruzuku. Karibu kila nilichokieleza hapa kinapita katika mianya hiyo miwili.

Pesa nazo zikija, huja zimeshachagua cha kununua. Mwaka 2012 mji wa Keene, New Hampshire, wenye watu kama 23,000, ulipewa ruzuku ya karibu dola 286,000 kununua gari la deraya aina ya BearCat, na katika maombi yake ulitaja tamasha la maboga. Wakazi wengi walipinga. Wanaolitetea gari hilo hukumbusha kwamba mwaka 2014 zilizuka vurugu siku ya tamasha hadi polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Ni kweli zilizuka, ila ni vurugu za vijana kwenye sherehe zao, na fedha zile zilitengwa kwa ajili ya kupambana na ugaidi. Kama mji ungepewa kiasi hicho hicho ujiamulie wenyewe, sidhani kama deraya lingekuwa la kwanza kwenye orodha.

Linaloniuma zaidi ni la mahabusu. Idara ya uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, huiomba jela ya kaunti imshikilie mtu hadi saa 48 baada ya muda aliostahili kuachiwa. Kaunti nyingi zilizoea kuliona ombi hilo kuwa amri. Mwaka 2008 kaunti ya Lehigh, Pennsylvania, ilimshikilia wikiendi nzima raia wa Marekani wa kuzaliwa ambaye alikuwa ameshalipiwa dhamana. Akashtaki, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikasema lile lilikuwa ombi tu, kaunti ilikuwa huru kulikataa. Maana yake sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti anayesimamia jela, akikubali, anaweza kuburutwa mahakamani. Akikataa, anatishiwa kunyimwa ruzuku.

Kuna gharama nyingine isiyoingia kwenye bajeti yoyote. Jirani yangu kutoka Bukavu alivunjiwa kioo cha gari akakataa kuita polisi, ingawa karatasi zake zote ziko sawa. "Kaka, sare ni sare," aliniambia. Hawezi kumtofautisha askari wa mji na wa uhamiaji, na sasa askari wa mji wamempoteza shahidi. Wakongo na Warundi wengi ninaowafahamu huku wangefanya kama yeye.

Mwaka 2025 wizara ilisogea hatua nyingine: ikafunga fedha za majanga kwa sharti la kushirikiana katika kazi ya uhamiaji. Yaani mafuriko yakikubeba, kwanza ueleze sherifu wako anafanya nini jela. Majimbo 20 yalikwenda mahakamani, na Septemba mwaka huo Jaji William Smith wa Rhode Island akaamua kwamba masharti hayo ni kinyume cha sheria. Nilifurahi sana, ila hukumu hiyo haikuiziba mianya ya 1995. Ni Bunge linalopaswa kuiziba, na wabunge wetu hawaulizwi kuhusu hilo hata wakati wa kampeni.

Huku chini tunaweza kuanza na vikao vya bajeti, ambavyo ni vya wazi, na mara nyingi mkazi hupewa dakika chache za kusema. Ruzuku ya usalama ikitajwa, simama uulize: mwaka wa tatu, fedha za Washington zikishakwisha, nani atalipa? Omba na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.