Kinga ya uso wa trela la faibaglasi inaanzia kwenye matairi ya gari linalolikokota

Ukitaka kujua trela la faibaglasi, lile la kulala safarini, limeumia kiasi gani kwenye barabara ya changarawe, usilitazame mchana wa jua kali. Lioshe vumbi, ngoja giza liingie, kisha shika tochi ubavuni mwa uso wake ili mwanga utambae juu ya gamba badala ya kulipiga moja kwa moja. Vile vidoa ulivyodhani ni uchafu vitaonyesha kina chake. Kila kimoja ni kishimo chenye ukingo mkali kama wa kikombe kilichomeguka, na kukizunguka kuna nyufa nyembamba kama unywele zilizotawanyika kwa umbo la nyota. Pitisha ukucha: ukikwama, maji nayo yatapata njia.

Gamba hilo linalong'aa ni jelikoti, tabaka la rezini (plastiki ya majimaji inayoganda) lisilo na nyuzi za kioo, lenye unene wa karibu nusu milimita. Ni gumu, lakini halikunjiki. Jiwe likilipiga, faibaglasi iliyo nyuma yake inabonyea kidogo na kurudi mahali pake. Jelikoti haiwezi kubonyea, hivyo inapasuka au inabanduka. Ndani ya kishimo ukiona rangi tofauti yenye alama za nyuzi, ujue jelikoti imekwisha pale na nyuzi ziko wazi. Kwenye trela lililofinyangwa kama ganda la yai, lenye faibaglasi tupu, maji yanayopenya pole pole yatafifisha nyuzi na kulegeza rezini. Kwenye trela la paneli bapa, ambalo ngozi nyembamba ya faibaglasi imegundishwa juu ya plaiwudi, hatari ni kubwa zaidi: mbao inavimba, gundi inaachia, na uso mzima unaanza kutoa sauti ya debe tupu unapougonga kwa kifundo cha kidole. Ndiyo maana suala hili ninaliona kuwa la maji kuliko la urembo.

Msimamo wangu ni huu: wengi wanaanzia mahali pasipofaa. Wananunua kitu cha kuvika uso wa trela, ilhali sehemu kubwa ya mawe yanayoupiga yanarushwa na matairi ya nyuma ya gari linalolikokota. Tairi linaliinua jiwe, linaliachia hewani, na trela linalifuata kwa mwendo ule ule wa gari. Kwa hiyo ni trela linaloligonga jiwe, na nguvu ya mgongano inapanda kwa mraba wa mwendo. Ukishuka kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 60, nguvu inabaki asilimia 44 tu. Hakuna plastiki wala bati utakalobandika litakalokupa punguzo la namna hiyo bila gharama.

Kuna jambo lingine la matairi ambalo watu hulisahau. Meno makubwa hubana mawe katikati yake, na mawe hayo hayatoki ukiwa unatambaa kwenye changarawe. Yanachomoka ukishaingia lami na kuongeza mwendo, wakati ambapo dereva ameshapumua akidhani hatari imepita. Unapofika kwenye lami, simama mahali salama, chukua bisibisi bapa na uyatoe mawe kwenye matairi ya nyuma ya gari.

Baada ya hapo ndipo kinga ya kwanza ya kufunga: mipira ya madigadi nyuma ya matairi ya nyuma. Ile midogo inayokuja na gari haitoshi. Tumia mpira wenye unene wa milimita 6 hadi 10, upana uzidi tairi kwa sentimita 5 kila upande, na ukingo wa chini uwe sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Kipimo hicho kichukuliwe gari likiwa na mzigo wote na trela likiwa limeshaunganishwa, kwa sababu uzito wa trela unashusha mkia wa gari. Anayepima gari likiwa tupu atajikuta mipira inaburura. Njia ikiwa na mifereji na mawe makubwa, panda hadi sentimita 15, ukijua kwamba kila sentimita unayoongeza inaacha upenyo wa mawe.

Mpira ukifungwa kwa bolti peke yake utachanika kwenye matundu. Weka ukanda bapa wa chuma kisichoshika kutu upande wa nje, upitishe bolti 3 au 4 za M6 (kipenyo cha milimita 6) katika ukanda, mpira na bati la gari kwa pamoja. Chini ya mpira nako funga ukanda mwingine uwe kama uzito, la sivyo upepo wa mwendo unaupeperusha nyuma na mawe yanapita chini yake kana kwamba haupo. Uache nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya mpira na tairi. Ukiwa karibu mno, siku utakaporudi nyuma juu ya jiwe au ukingo wa barabara, tairi litaukanyaga na kuung'oa pamoja na kipande cha bati.

Baadhi ya watu huongeza pazia zima la mpira linalofungwa kwenye chuma cha kukokotea, likivuka upana wote wa gari. Linafanya kazi nzuri, hasa kwa gari refu kwenda juu. Shida yake ni bomba la moshi. Mpira ulio karibu na moto unayeyuka, na moshi uliozibwa unarudi chini ya gari au unapaka masizi uso wa trela. Hakikisha mdomo wa bomba unapita nje ya pazia au pembeni mwake, na mpira uwe mbali nalo kwa sentimita 10 au zaidi. Taa na namba za gari zibaki zikionekana.

Kinga ya pili ni wavu, na hapa ndipo ningeweka bidii yangu yote. Wavu mzito wa kivuli, ule unaotumika kwenye vitalu vya miche, ukivutwa juu ya fremu iliyosimama kwenye mkono wa kuvutia wa trela, yaani chuma cha mbele kinachoshikana na gari, unalipokea jiwe, unabonyea, unalinyang'anya mwendo, kisha linaanguka chini. Kitu kigumu hakifanyi hivyo. Kitu kigumu kinalirudisha jiwe lilikotoka, na lilikotoka kuna kioo cha nyuma cha gari. Kioo hicho kikisagika njiani, dereva mara nyingi hulaumu gari lililopishana naye, kumbe jiwe limegonga uso wa trela lake mwenyewe na kurudi. Wavu unaokoa vitu viwili kwa pamoja.

Fremu ya bomba la milimita 25 inatosha. Ifunge kwa U-bolti nne (bolti zenye umbo la U) kwenye mkono wa kuvutia. Usitoboe wala kuchomelea chuma hicho, maana ndicho kinachobeba mvuto wote na kila tundu ni mahali pa kuanzia ufa. Fremu isimame wima au iegemee kidogo mbele kwa juu, ili jiwe likianguka lielekee chini. Ukingo wa chini uwe sentimita 20 hivi kutoka ardhini, na wavu ukae mbali na gamba la trela kwa sentimita 15 au zaidi, kwani ukipigwa na upepo na mawe unavimba kama tanga. Ufunge kwa kamba za mpira zinazovutika, siyo waya. Kamba hizo ndizo zinazomeza pigo, na ukichakaa unabadilisha wavu pekee. Jeki ya mbele na vali ya mitungi ya gesi zifikike bila kufungua chochote, na hewa izunguke kwenye mitungi.

Kabla ya safari, tafuta uwanja mtupu, mtu mmoja asimame pembeni, na urudi nyuma pole pole usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Pembe ya gari ibaki na angalau sentimita 10 kutoka kwenye fremu. Fremu nyingi hupindwa siku ya kwanza ya kuegesha, wala si barabarani.

Turubai la kuvika uso moja kwa moja silipendi hata kidogo. Vumbi linaingia kati ya kitambaa na jelikoti, upepo unakitikisa, na baada ya kilomita mia kadhaa unakuwa umepiga msasa uso wote. Mng'ao unaondoka sehemu pana badala ya vidoa vichache.

Kinga ya tatu ni utando mwangavu wa poliyurethani, plastiki inayonyumbuka, wenye unene wa karibu milimita 0.2. Huu unazuia changarawe ndogo na kishindo cha mchanga. Jiwe la ukubwa wa tunda la zambarau litaupita. Ubandike sentimita 60 hadi 90 za chini za uso, ambako mawe mengi hufika. Kosa linaloharibu kazi hii ni kubandika juu ya jelikoti iliyochoka. Pitisha kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe, gundi itashika unga huo badala ya gamba, na utando utabanduka pembeni ndani ya muda mfupi. Ng'arisha kwanza hadi unga uishe, toa nta yote, futa kwa spiriti ya isopropili, na uizuie spiriti isiguse dirisha la mbele kama ni la akriliki (plastiki ngumu mfano wa kioo), kwa sababu inaliotesha nyufa ndogo zisizorekebishika.

Nyunyiza maji ya lita moja yenye matone machache ya shampuu ya mtoto, weka utando, kisha sukuma maji kwa kipangusio cha mpira kutoka katikati kwenda nje. Uso wa trela la umbo la yai unajipinda pande mbili kwa wakati mmoja, na karatasi moja kubwa itafanya mikunjo hata mikononi mwa fundi hodari. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 30 hivi, anza na cha chini, kila cha juu kikilalia mwenzake wa chini kwa sentimita moja kama vigae vya paa. Pasipokubali, pasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele; pakishindikana kugusika kwa kiganja, umezidisha. Liache trela siku mbili bila kusafiri. Na usibandike juu ya kiraka kibichi cha jelikoti, kwa maana mvuke wake utainua malengelenge.

Nta na zile dawa za seramiki zinazopakwa kwa kitambaa zina kazi yake dhidi ya jua na uchafu. Dhidi ya mawe hazina msaada, hata chupa ikiandikwa nini.

Kuhusu bati la alumini lenye nakshi, nitasema wazi: kwenye paneli bapa linaweza kukubalika likigundishwa kwa gundi ya poliyurethani inayonyumbuka na kuzibwa ukingo wa juu. Kwenye trela lililofinyangwa ni kosa. Bati bapa halifuati mpindo, hivyo linaacha mifuko inayokusanya maji na mchanga. Skrubu zake ni matundu mapya kwenye gamba ulilotaka kulilinda. Na linarudisha mawe kwenye kioo. Rangi nzito ya mpira inayonyunyiziwa kwenye sakafu za pikapu nayo ni imara kweli, lakini inahitaji jelikoti ikwaruzwe kwa msasa, haitoki tena, na inaficha nyufa zitakazotokea baadaye. Ningeinyunyiza chini ya tumbo la trela na ndani ya madigadi ya magurudumu yake, ambako hakuna anayetazama na mawe ni mengi. Huko huko chini, vika nyaya za breki na mabomba ya maji kwa mpira wa hosi uliopasuliwa.

Vishimo vitatokea hata hivyo. Ukiwa njiani, kausha na uzibe kwa kipande cha utepe mwangavu usiopitisha maji. Nyumbani, kichimbe kishimo kiwe na umbo la V, na kila ufa ufuate hadi unapoishia, kwa sababu ufa uliopakwa juu juu unarudi. Futa kwa asetoni. Changanya jelikoti na kigumishi cha MEKP, kimiminika kinachoifanya igande, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2: gramu 10 zinahitaji mililita 0.2 hivi, nazo hupimwa kwa bomba la sindano, siyo kwa macho. Vaa miwani ya kazi, kwani tone la kigumishi hicho jichoni linaweza kupofusha. Jaza hadi kiraka kiinuke kidogo, kisha funika kwa plastiki laini, maana jelikoti isiyo na nta ikiguswa na hewa inabaki inanata juu. Kikishakauka, piga msasa wa maji namba 400, 600, 1000, 1500, halafu polishi. Usitumie epoksi (rezini ya aina nyingine) kama msingi, kwani jelikoti haishiki vizuri juu yake. Wala puti ya bodi za magari, inayonyonya unyevu.

Kabla ya kuziba, weka alama kila kishimo kwa penseli ya nta na usogee nyuma hatua tano. Mistari miwili ya wima iliyo sambamba na matairi ya gari inasema mipira ni mifupi au inapeperuka. Mstari upande mmoja tu unasema mpira wa upande huo umejikunja au umelegea bolti. Vishimo vilivyojaa chini kabisa, chini ya usawa wa wavu, vinadai wavu ushushwe. Na vile vilivyotawanyika juu, karibu na dirisha, vinatoka kwa magari mnayopishana nayo. Dawa yake ni kupunguza mwendo na kusogea pembeni mapema unapoona vumbi linakuja.