Je, Fellini Anajisifu au Anajishtaki?

Tangu filamu ya Federico Fellini iitwayo 8½ ilipotoka nchini Italia mwaka 1963, lawama moja haijaisha: kwamba msanii aliyeishiwa la kusema ametusimulia kuishiwa kwake, kisha akataka tumpigie makofi. Guido Anselmi, mwongozaji anayeigizwa na Marcello Mastroianni, yuko kwenye chemchemi za tiba. Mtayarishaji anamdai filamu, mnara wa kurushia roketi, utakaotumika katika filamu hiyo, umekwisha kusimamishwa kwa gharama kubwa, naye hajui filamu yenyewe inahusu nini.

Lawama hiyo ina uzito. Wanawake wengi humu tunawaona kwa macho ya Guido tu, na katika ndoto yake ya nyumba iliyojaa wanawake, yule ambaye umri umempita hupelekwa ghorofani, asionekane tena. Lakini wanaolaumu husahau kwamba shtaka lao limo ndani ya filamu yenyewe, kinywani mwa mhakiki Daumier, anayeiona hadithi ya Guido kuwa haina wazo la msingi. Guido, katika fikira zake, anamnyonga.

Shahidi mzito zaidi, hata hivyo, ni Luisa, mkewe, anayeigizwa na Anouk Aimée. Wamekaa ukumbini kutazama majaribio ya waigizaji wa filamu ya Guido yaliyopigwa picha, na pale kwenye skrini Luisa anamwona mwanamke mwingine akiigiza ndoa yake, akitamka maneno yaliyokuwa ya watu wawili tu, huku mtayarishaji akimhimiza Guido achague mwigizaji. Luisa anaondoka. Guido anapomfuata, anaulizwa atawaeleza nini watu asiowajua, ikiwa hawezi kumwambia ukweli hata mdogo mwanamke anayeishi naye. Swali hilo Guido halijibu. Mtu anayejisifu angemfanya mke huyu kuwa mkorofi ili sisi tumhurumie mume. Fellini amempa hoja ambayo filamu nzima haina pa kuikwepea, na ndiyo maana kwangu kazi hii ni ungamo.

Ninapokubaliana na wanaolaumu ni mwishoni. Guido anamwomba Luisa ampokee alivyo, na Luisa anajibu kwamba hana hakika kama hayo ni kweli, ila atajaribu, iwapo naye atamsaidia. Jibu hilo lina sharti. Muziki wa Nino Rota unapanda, wote wanashikana mikono na kucheza duara, na kabla Guido hajatimiza lolote, Luisa naye amekwisha kuingizwa ndani ya duara.