Baba aligeuza mgongo kila alipochovya patasi

Nimezaliwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mtoto wa mhunzi. Fuawe ya baba ni kipande cha reli kilichopigiliwa juu ya gogo la mwembe. Moto wake ni wa mkaa, unapulizwa na feni aliyoiunga kwa mkanda kwenye gurudumu la baiskeli, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha lile gurudumu nikitoka shule, bado nina sare. Leo ni mwaka wa kumi na moja niko Uingereza. Kazi yangu ni kutengeneza kwato na kuvisha farasi viatu. Nyumbani nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa sababu Dar farasi ni wa kuhesabu, wa polisi na wa watu wenye nafasi zao. Lakini chuma ni kilekile, na moto ni uleule.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa mafundi kwato na wahunzi, katika ukumbi mkubwa ambao siku nyingine hufanyiwa minada ya ng'ombe. Nilikaa siku mbili. Nimerudi nyumbani nikiwa na jambo moja kifuani, na tangu hapo silali vizuri, ndiyo maana naandika.

Upande mmoja kulikuwa na wauzaji: misumari ya kila saizi, tupa ndefu za kukwangulia kwato, aproni za ngozi, majiko ya gesi ya kupashia chuma. Upande mwingine daktari wa mifugo alikuwa amepasua katikati mguu wa farasi aliyekufa, toka goti hadi chini, tuone kwa macho yetu jinsi mfupa unavyoning'inia ndani ya ukwato. Niliinama pale muda mrefu. Ukuta wa ukwato ni kama kucha yako, hauna uhai, unakua karibu sentimita moja kwa mwezi, na ndiyo maana msumari ukipita mahali pake farasi hasikii kitu. Lakini kati ya mahali pake na mahali pa maumivu ni milimita chache tu. Nimekuwa nikipiga misumari hiyo miaka yote, na bado nilipoiona ile nafasi imewekwa wazi mbele yangu mikono ilinisisimka.

Kisha mashindano. Kuna moja nalipenda kuliko yote: mshindani anaonyeshwa ukwato kwa sekunde chache, haruhusiwi kupima hata kwa kidole, anakwenda kwenye fuawe na kufua kiatu cha kuutosha kwa jicho lake tu. Aliyeshinda mwaka huu ni mzee wa makamo, mikono mifupi, mtulivu. Alipokabidhiwa zawadi yake vijana walimzunguka. Akachukua kipande kingine cha chuma, akakirudisha motoni, akawaonyesha pigo kwa pigo: hapa nakunja, hapa naacha kipoe kidogo, hapa naangalia rangi. Kijana mmoja akasema yeye hufanya vingine. Yule mzee akampa nyundo, akasogea pembeni, akamwambia aonyeshe.

Pale ndipo nilipomkumbuka baba.

Baba ni fundi wa patasi. Anazifua kwa springi za lori, chuma ambacho wengi Gerezani hutengenezea mapanga na majembe. Kufua si shida, shida ni kuchovya. Patasi ikichovywa vibaya itakuwa laini kama bati au itavunjika kama glasi. Ukishaizamisha ncha majini na kuitoa, joto lililobaki nyuma linaanza kutambaa kuelekea kwenye makali, na rangi zinapita juu ya chuma: kwanza manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Rangi unayoitaka ikifika kwenye makali, unazamisha tena, basi. Ni jambo la sekunde chache. Na katika sekunde hizo baba alikuwa akigeuza mgongo. Akiwageuzia mafundi wenzake, akiwageuzia vijana wake wa kazi, akinigeuzia mimi. Nilizungusha lile gurudumu miaka sita bila kuziona rangi hizo hata siku moja. Nimeziona kwa mara ya kwanza ugenini, nikiwa mtu mzima, nimeonyeshwa na mtu asiyenijua hata jina.

Simlaumu. Hakuwa peke yake. Vibanda viwili kutoka kwetu alikuwepo mzee ambaye wapasua mawe wa Kunduchi walimfuata yeye tu. Walikuwa wanapanda daladala na mfuko wa patasi butu, wanampita baba, wanawapita wengine wote. Patasi yake ilikaa siku nyingi kwenye jiwe kabla ya kurudi motoni. Yule mzee amefariki. Ameacha watoto wanne na vijana watatu waliomfanyia kazi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua alichokuwa akikitia kwenye ndoo yake ya maji, wala alisubiri rangi gani. Nilipopata habari za msiba niliwalilia watoto wake, na ile ndoo pia niliililia.

Najua wapo watakaosema huyu dada ameenda Ulaya anakuja kutusifia Wazungu. Hapana. Hawa watu hawakuanza kukutana kwa sababu wanapendana. Chama chao cha London kinahesabu historia yake tangu mwaka 1356, na kilizaliwa kwa sababu Meya aliwaita mafundi kutokana na malalamiko ya kazi mbovu iliyokuwa inaumiza farasi. Waliitwa kwa lawama. Baadaye sana, mwaka 1975, ikapitishwa sheria kwamba asiyesajiliwa haruhusiwi kumvisha farasi kiatu. Ili nisajiliwe nimefunzwa miaka minne chini ya fundi, na mitihani juu. Maana yake baba yangu, mwenye miaka arobaini kwenye chuma, akija hapa leo hawezi kupiga hata msumari mmoja. Hilo linaniuma, ingawa nikikumbuka zile milimita chache naona sheria yenyewe ni ya haki.

Na maisha yenyewe ni ya upweke. Siku nzima niko kwenye gari langu, shamba hadi shamba, farasi sita au saba, mgongo umekunjwa, chakula nakula nimeshika usukani mbele ya geti la mtu. Mvua ya Januari ya huku haina cha kusimulia. Mwenye farasi akiwa hayupo ananiachia hela kwenye bahasha, naweza kumaliza wiki sijasikia mtu akiniuliza nyumbani hawajambo. Gerezani baba hapigi nyundo kumi kabla hajasalimiwa na watu watano. Kijana akitoka Lindi hana kitu, anasimama mlangoni, anapewa nyundo ya kushikilia, mchana anapewa sahani ya wali maharage, na baada ya miaka mitatu ni fundi bila kulipa ada hata shilingi. Hakuna chuo huku kinachofanya hivyo. Kwa hiyo sisemi tufanane nao. Nasema tuna mafundi wanaoshiba salamu kutwa nzima lakini kuhusu kazi yenyewe hawaambiani kitu.

Desemba nilikuwa nyumbani. Ndugu yetu mmoja nje kidogo ya mji, njia ya Chanika, alikuwa anamtumia punda kuvuta mkokoteni wa maji na mchanga wa ujenzi. Nilipomwona yule punda nilishika kichwa. Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka na kujikunja kama ndala iliyoachwa juani, na mmoja ulikuwa umekatwa kwa panga upande mmoja tu. Mwenyewe akaniambia, "Dada, huyu mkaidi huyu, hataki kusimama, ukimgusa mguu anakurushia." Na wote tunaijua methali, asante ya punda ni mateke.

Nilikuwa na tupa yangu na koleo la kukatia. Baba alikuja nami, akakaa juu ya ndoo akitazama. Ilinichukua karibu saa mbili, kwa kidogo kidogo, kwa sababu ukwato ulioachwa hivyo huwezi kuurudisha kwa siku moja bila kumuumiza. Mguu wa kwanza alirusha kweli. Wa tatu alikuwa ameegemea bega langu. Tulipomwachia akatembea hatua chache, akasimama, akatembea tena, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Baba alinyamaza muda, halafu akasema, "Kumbe hakuwa mkaidi. Alikuwa anaumwa."

Tangu siku hiyo ile methali siwezi kuisema.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, ile ngozi inayochemshwa China kutengenezwa dawa. Nilifurahi sana. Lakini punda aliyeokolewa kisu bado anatembea, na anatembea kwa kwato. Daktari wa mifugo anaitwa punda akiwa hoi. Mhunzi hajawahi kuitwa kabisa, ingawa yeye ndiye mwenye tupa, mwenye jicho la umbo, na mwenye mkono unaojua kuondoa milimita moja bila kuondoa mbili. Punda hahitaji kiatu, wengi wao hawakihitaji. Anahitaji mtu wa kumkata kwato vizuri kila baada ya miezi michache. Vijana wa Gerezani wangejifunza hilo kwa muda mfupi, lakini nani awafundishe, wakutane naye wapi?

Nilimpigia baba simu nikamweleza yote haya. Akasema, "Mwanangu, hiyo siri unayotaka niitoe ndiyo iliyokulisha." Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Siku ya pili nilimpigia tena. Nikamuuliza, baba, tangu nimeondoka, wateja wamekupungua kwa sababu jirani amekuibia ujuzi? Akafikiri. Akasema hapana, wamepungua kwa sababu ya majembe na mapanga yanayoshushwa bandarini kwa makontena, bei ambayo hata mkaa wake hailipi. Basi, nikamwambia, miaka yote hii umemgeuzia mgongo mtu asiyekudhuru.

Kule Kagera, miaka ya 1970, wazee wa Kihaya waliombwa na mtafiti Peter Schmidt wayeyushe chuma kama walivyofanya zamani. Ilikuwa imepita miongo tangu waache. Walikaa pamoja, wakakumbushana, wakajenga tanuru, na dunia ikajua kwamba babu zao walitengeneza chuma cha pua kiasi cha miaka elfu moja na mia tano hadi elfu mbili nyuma. Wale waliwahiwa. Mzee wa patasi za Kunduchi hatukumuwahi.

Tuna viwanja vya maonyesho vya Sabasaba. Tuna Nanenane. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima fundi wa mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alionao tayari. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo tangu mwaka 1973. Morogoro kuna madaktari wa mifugo wanaosomeshwa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kinachokosekana ni siku moja tu ya kuwaweka mahali pamoja wahunzi, wenye punda na madaktari, moto uwake, mtu afue mbele za watu na mwingine amwambie mimi hufanya vingine.

Nitakuwa Dar mwezi wa sita. Nimeongea na mafundi wanne wa Gerezani, watatu wamekubali. Mwenye punda wa Chanika amesema atamleta, nimtafutie tu gari la kumbeba. Eneo tutapewa nyuma ya gereji ya rafiki wa baba, lina kivuli. Baba amesema atakuja, na mkaa ataleta yeye. Kuhusu kuchovya patasi, hajanijibu.