Kuli wa Figo Hana Likizo

Mimi daineni, protini inayobeba mizigo ndani ya seli. Kazi yangu ukuli. Kituo changu cha kazi ni seli ya mrija mkusanyaji, kule mwisho kabisa wa kijirija cha figo, mkojo unakopita mara ya mwisho kabla haujashushwa kibofuni. Cheo sina, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Hesabu kwanza, mjue nalalamikia nini. Figo zote mbili zinachuja kama lita 180 kwa siku. Wale wa mrija wa mwanzo wanarudisha thuluthi mbili hivi kwenye damu, usiku na mchana, bila kungoja amri ya mtu. Wanasharabu tu, halafu wanajisifu. Yanayobaki yanapungua njiani, ila yakifika kwetu bado ni lita nyingi, na hapa ndipo inapoamuliwa kama mwenye mwili atakwenda haja mara tano au ataweka makazi chooni. Kwetu pakigoma kabisa, anaweza kutoa lita 15 au zaidi kwa siku. Na usidhani anaamua yeye. Anaamua vesopresini.

Vesopresini ni homoni inayotoka ubongoni, na adabu haina. Damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, imeshafika. Haiji kwa mbele, upande wa mkojo. Inakuja na damu, inagonga mlango wa nyuma. Usiku wa manane, mwenye mwili anakoroma, hodi! Ndani mchakamchaka unaanza: kijumbe cAMP kinaongezeka, kinaamsha kimeng'enya PKA, nacho kinaanza kugonga mihuri ya fosfeti kwenye mzigo. Mzigo wenyewe ni akwaporini-2, vilango vya maji vilivyofungwa ndani ya vifuko, vinavyokaa vinne vinne. Katika kila vinne, vitatu sharti viwe na muhuri ndipo vikubaliwe kukaa kwenye utando wa juu. Ukija na mihuri miwili, rudi kesho. Nadhani maofisi yote duniani yalikuja kujifunza kwetu.

Barabara zetu ni maikrotubuli, upana nanomita 25. Katika seli hizi ncha hasi nyingi zinatazama juu, kwenye mkojo, na ncha chanya zinatazama chini, kwenye damu. Mimi nimeumbwa kuelekea hasi. Jirani yangu kinesini, kuli mwenzangu, wengi wa ukoo wake wanaelekea chanya. Bwana yule ana maringo! Hatua nanomita 8, ATP 1, ile nishati ya seli, kwa kila hatua, mguu huu mguu ule, utadhani yuko kwenye gwaride. Walimgundua mwaka 1985, basi kila kitabu picha ni yake. Mimi hatua yangu mara 8, mara 16, mara ya pembeni, mara nimerudi nyuma, na wananicheka eti natembea kama mlevi. Jamani, mimi na vikorokoro vyangu tuna uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) zaidi ya milioni 1, na mwendo wangu haufiki mbali bila msaidizi wangu dainaktini kunishika mkono. Mtu wa namna hiyo mnataka atembee kwa madaha?

Na kuna hili la wasomi. Walinikuta nimeng'ang'ania vifuko vya akwaporini-2, mimi na dainaktini wangu, hatukuweza kukana. Sasa wanabishana. Wengine wanasema navipandisha juu, wengine wanasema kazi yangu hasa ni kuvikusanya karibu na kiini vikisharudishwa ndani. Watu wanagombania kazi yako, nawe umesimama hapo hapo na mzigo begani!

Kipande cha mwisho si changu, nakiri. Chini ya utando wa juu kuna kichaka cha aktini, nyuzi za protini, kinachozuia vifuko, na vesopresini ikifika hukilegeza. Humo anapokea kuli mwingine, miosini Vb, miguu mirefu, hatua moja nanomita 36. Ananyakua kifuko, kinafika, kinaungana na utando, vilango vinakaa, maji yanaingia. Dakika chache tu. Na sifa anachukua nani? Yule aliyekibeba hatua mbili tatu za mwisho.

Ukadhani sasa nitapumzika. Thubutu! Mwenye mwili anaamka na kiu, anagugumia maji nusu lita, damu inakuwa nyepesi, vesopresini inanyamaza. Vilango vile vile vinanyofolewa, vinafungwa kwenye vifuko, vinarudishwa ndani. Akinywa pombe ndiyo balaa, maana pombe inaizuia vesopresini isitoke. Anakunywa kidogo, anakojoa kingi, asubuhi kichwa kinamgonga, anasingizia muziki ulikuwa wa juu.

Dawa nazo zina vituko. Lithiamu ikikaa mwilini miaka, akwaporini-2 zinapungua. Kuli yupo, mzigo haupo. Kolchisini, ile ya gauti, inazuia maikrotubuli zisijengwe. Wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa, vesopresini iliita wee, maji hayakurudi ipasavyo. Nitapita wapi, hewani?

Lakini kinachonitisha hasa ni damu kukatika. Damu haiji, oksijeni haiji, ATP inakwisha. Kinesini akikosa ATP hadondoki. Ananasa barabarani, mguu umegandamana na njia, na nyuma yake hapitiki. Huko mrija wa mwanzo vijinywele vya juu vinapukutika, na pampu ya sodiamu, ambayo mahali pake ni upande wa damu, unaikuta imehamia upande wa mkojo. Sasa inasukuma chumvi kwenda wapi? Usiniulize mimi. Mimi kuli.

Basi usiku kucha nimehangaika na vifuko hivi ili mtu alale bila kuamka. Ushahidi wa kazi yangu ni mmoja: ule mkojo wa alfajiri, mchache, mzito, wa rangi ya chai ya rangi. Anausogelea akiwa amefumba jicho moja, anamaliza, anapiga mwayo, anavuta maji. Hata kuutazama, wapi!