Kukagua lori ni kazi, si hisani ya dereva

Huku Marekani kuna ugomvi ambao dereva wa Kusini mwa Tanzania akiusikia mara ya kwanza lazima acheke. Watu wazima wenye malori mapya, kitanda na friji ndani ya kichwa, wanavutana na kampuni kwa ajili ya robo saa. Ni ile robo saa ya asubuhi ya kulizunguka gari kabla ya kuondoka: inalipwa au hailipwi? Wengi wenye mkataba wa chama cha wafanyakazi wanalipwa kwa saa tangu wanapopiga kadi, na ukaguzi umo humo. Wanaolipwa kwa maili wengi hawapati kitu, maana gari lililosimama halina maili. Kila karatasi ya mshahara ikitoka, maneno yanaanza upya. Mimi yananichosha, kwa sababu kwetu hatujafika hata hapo pa kugombania.

Najua mtakachosema. "Ameshaanza huyo. Kavuka bahari juzi, leo anatufundisha kukagua gari." Mkuu, tulia kwanza. Sijasema madereva wa kwetu hawajui gari. Dereva anayetoa makaa ya mawe Mbinga, akapita Songea, Tunduru na Masasi mpaka bandari ya Mtwara, analijua lori lake kuliko wengi wa huku. Huku upepo ukivuja dereva anapiga simu na kurudi kitandani. Kwetu utingo anaingia chini ya tela na chupa ya maji ya sabuni, na baada ya dakika chache anakwambia ni daiframu ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki), ekseli ya kati, upande wa kushoto. Ninachosema ni kimoja: ujuzi wote huo haumo kwenye mkataba wowote, hauna saa wala malipo, na ndiyo maana tajiri mwenye lori akiwa na haraka unakuwa wa kwanza kurukwa.

Tuone basi kinachorukwa. Sheria ya huku inamtaka dereva aridhike kwamba gari ni salama kabla hajaliendesha, ila haitaji dakika. Robo saa ni mazoea tu ya kwenye daftari la saa. Sasa chukua breki za upepo peke yake. Unajaza mitungi mpaka kompresa iache kusukuma, unazima injini, unaweka vigingi kwenye matairi, unaachia breki za maegesho. Unakanyaga breki ya mguu na kuishikilia dakika nzima ukitazama geji: kichwa na tela pamoja visipoteze zaidi ya psi 4, yaani kama robo ya bar kwa geji za kwetu. Unawasha swichi bila injini, unakanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Taa na king'ora lazima viamke kabla upepo haujashuka chini ya psi 60, ambayo ni bar 4 na kidogo. Unaendelea mpaka vitufe vya maegesho viruke vyenyewe, kati ya psi 45 na 20. Ndipo unawasha injini na kuhesabu: kutoka psi 85 hadi 100 isizidi sekunde 45.

Hapo hujagusa tairi. Ya mbele huku hairuhusiwi chini ya milimita 3.2 za kashata (meno ya tairi), mengine 1.6. Hujachungulia na tochi kama taya za sahani ya kichwa zimeikumbatia sawasawa kingpini, ile pini ya tela. Hujaangalia michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati za tairi, dalili ya nati iliyolegea. Hujapima mwendo wa fimbo za chemba, kazi inayotaka watu wawili: mmoja akanyage, mwingine apime kwa chaki na rula, na kwa chemba za kawaida za namba 30 fimbo isitoke zaidi ya inchi 2. (Dereva wa huku yuko peke yake, anabana pedali kwa kipande cha mbao. Utingo ni utajiri, basi tu hatuujui.) Kwa lori la ekseli sita ni chemba kumi na mbili. Anayeniambia haya yote yanaisha kwa dakika kumi na tano anajaza fomu, hakagui.

Na huku wanajaza fomu sana, tusidanganyane. Dereva ana dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, ndani yake saa 11 za kuendesha, na kwa siku nane asizidishe saa 70 kazini. Ukaguzi unahesabiwa kwenye saa 14 na kwenye 70. Kwa hiyo anayelipwa kwa maili, kila dakika anayokagua kwa uaminifu inamkata mara mbili: hailipwi, na inakula muda ambao ungelipwa. Anabonyeza "ukaguzi" kwenye kifaa cha kurekodi saa, anakunywa kahawa, dakika zikitimia anaondoka. Kampuni inajua. Mtu ukimtoza kwa kufanya kazi vizuri, ataacha kuifanya vizuri, awe wa Ohio au wa Tandahimba.

Wenzangu wa huku huwa hawaamini nikiwaambia kwamba kwa maandishi sheria yetu inawashinda. Sheria yao ya shirikisho ya 1938 inawanyima madereva wengi wa malori ya kati ya majimbo malipo ya ziada baada ya saa 40. Kima cha chini kinakokotolewa kwa kugawanya pesa ya wiki nzima kwa saa zote, kwa hiyo maili zinafunika ukaguzi wa bure. California ndiyo ilikataa ujanja huo. Madereva wa Walmart walishinda kesi ya zaidi ya dola milioni 54, ukaguzi wa kabla na baada ya safari ukiwa mojawapo ya madai, na mahakama ya rufaa ikabariki hukumu mwaka 2020. Sisi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, na mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Haisemi "isipokuwa dereva".

Haya, tuulizane: dereva gani wa semi mnayemfahamu, kati ya Nangurukuru na Mangaka, amewahi kulipwa saa ya ziada? Madereva waligoma nchi nzima Aprili na Mei 2015, mikataba ikiwa mojawapo ya vilio vyao. Leo bado wako wengi wanaoishi kwa posho ya safari na deiwaka, yaani kibarua cha siku. Posho inalipa kufika. Ukilala siku tatu kwenye foleni ya ghala msimu wa korosho, hiyo ni shauri yako na Mungu wako.

Kitu cha pili ambacho chama huku kinalinda ni mipaka ya kazi. Dereva anakagua, akiona kasoro anaandika na kusaini. Fundi anatengeneza na kusaini. Dereva anayefuata anasoma na kusaini kwamba ameona. Akiligomea gari bovu, sheria ya 1982 inakataza kumfukuza kwa sababu hiyo. Kwetu dereva ni fundi, karani wa mzigo, mlinzi wa usiku na msemaji mbele ya trafiki, vyote kwa posho moja. Tunajisifu kwa hilo, nami nilisifu hapo juu, lakini kuna mahali sifa hiyo inaua.

Chukua sleki, ule mkono unaosukumwa na fimbo ya chemba ili ugeuze kemu ya breki. Malori mengi yaliyotumika yanayokuja kwetu yana sleki za kujikaza zenyewe. Fimbo ya chemba ikianza kutoka ndefu, maana yake kuna kitu kimekufa: sleki yenyewe, bushi za kemu zimeliwa, au lainingi zimekwisha. Dereva wetu anachukua spana, anakaza kwa mkono, breki inashika, safari inaendelea. Amefuta dalili, ugonjwa umebaki. Baada ya siku chache fimbo iko palepale, safari hii amebeba saruji anateremka Newala kuelekea Masasi. Ngoma ya breki ikipata moto inatanuka na kuikimbia lainingi, hivyo fimbo inahitaji kwenda mbali zaidi ya ilivyopimwa ikiwa baridi. Ilikuwa imebakiza nusu inchi. Chini ya mteremko haina kitu. Halafu tunasoma "gari lilifeli breki", kana kwamba breki ziliamua zenyewe, na dereva, kama yuko hai, analala rumande. Kikaratasi chenye saini ya fundi kingeonyesha nani alijua nini na lini. Ndiyo maana baadhi ya matajiri hawakitaki.

Wapo watakaoniletea Yellow. Kampuni kongwe ya malori, ilifungwa 2023, watu karibu 30,000 wakakosa kazi, wengi wao wanachama wa Teamsters, chama cha wafanyakazi wa malori, na moja ya mabishano ilikuwa hiyohiyo ya majukumu: madereva wa masafa wafanye pia kazi ya kupanga mizigo ghalani au wasifanye. "Ona, chama kimeua kampuni." Kampuni ile ilikuwa na madeni ya miaka mingi, na wanachama walishakubali kukatwa mishahara zamani. Hata hivyo nakubali nusu: chama kinaweza kung'ang'ania mstari wa mkataba mpaka meli ikazama. Ila hiyo ni hatari ya aliye na mkataba. Sisi tunaogopa kuvimbiwa na hatujala.

Hoja ya mwisho ni pesa. "Huko kuna dola, tajiri wa Masasi atoe wapi?" Tupige hesabu. Nusu saa kabla, robo saa baada, siku 26 kwa mwezi: ni saa 19 na nusu. Mwezi wa kazi kwa saa 45 za wiki ni saa 195. Yaani dereva anayekagua kwa uaminifu nje ya saa zake anampa tajiri sehemu moja ya kumi ya mwezi, bure. Robo saa ya jioni pia ina faida yake: ndiyo ya kutoa maji kwenye mitungi ya upepo, ambayo kwa joto na unyevu wa pwani yetu hujaa haraka, na yakitoka meupe kama maziwa ujue kompresa inapitisha oili na vali zinakufa.

Vyama vya madereva vikikaa mezani kudai mkataba wa hali bora, vidai posho, sawa, lakini kipengele hiki kiandikwe kwa namba: dakika 30 na 15, daftari la nakala tatu, saini ya fundi. Na anayesema hiyo ni kazi ya utingo, basi amtaje utingo kwenye mkataba, maana mpaka leo huyo hana hata karatasi inayoonyesha kwamba ameajiriwa.