Futa "Uchunguzi wa" Kwenye Mada Yako

Pita mbele ya rafu ya tasnifu za Kiswahili kwenye maktaba ya chuo kikuu. Majalada yanaimba wimbo mmoja: Uchunguzi wa, Uchambuzi wa, Tathmini ya. Kisarufi hayana kosa, ila hayamwambii msomaji lolote. Tasnifu ni uchunguzi. Nani alidhani ni mapishi?

Tazama mada hii niliyoibuni, ingawa walio vyuoni wataitambua sura yake: "Uchunguzi wa Athari za Matumizi ya Lahaja ya Kimakunduchi katika Ujifunzaji wa Sarufi ya Kiswahili Sanifu kwa Wanafunzi wa Shule za Sekondari za Wilaya ya Kusini Unguja". Humo mna a-unganifu 10, yaani vile viunganishi "wa", "ya" na "za". Kila moja imepatana na ngeli yake barabara, lakini ukifika Unguja umeshasahau kinachochunguzwa. Kama data ni insha, sema insha: "Athari za Kimakunduchi katika Insha za Wanafunzi wa Sekondari, Kusini Unguja". Zimebaki 3.

Halafu kuna nomino ya kwanza, ambayo wengi huichagua kwa mazoea. Ukiandika "athari", umejifunga kuthibitisha kwamba hiki kimesababisha kile. Itabidi utenganishe makosa yaliyotokana na Kimakunduchi na yale ambayo hata mwanafunzi wa Mwanza angeyafanya. Uliyegawa hojaji kwa walimu tu, andika "Mtazamo wa Walimu kuhusu" na usome kwa amani. "Mchango wa" ndiyo inayonikera zaidi: mtafiti hajaenda uwandani, na tayari ameshatoa hukumu kwamba jambo lina faida. Afadhali "nafasi ya".

"Kuchunguza" na "kubainisha" mahali pake ni kwenye malengo mahususi. Mada inayoanza na kitenzi-jina hubadilika sura: "Kufundisha Ushairi Kidato cha Tatu" inasomeka kama mwongozo wa mwalimu, wakati "Ufundishaji wa Ushairi" ni jambo la kutafitiwa. Mada za "Je, ...?" wasimamizi wengi huzikataa. Mimi ningeziruhusu kwenye makala ya jarida, mradi mwandishi hana jibu mfukoni.

Na lile "Uchunguzi Kifani", yaani utafiti wa mfano mmoja, linalobandikwa baada ya nuktambili, kama ": Uchunguzi Kifani wa Kusini Unguja"? Kifani huwakilisha kundi pana zaidi. Kimakunduchi kwao ni huko huko Kusini Unguja, kwa hiyo hapo linajaza nafasi tu.